Mstari wa Baba

Ibra, Oman, 18 Septemba 1983

Mdogo wangu Marhoun,

Nakusalimu mimi kwanza, kisha nyumba nzima, kisha mbuzi, maana mwaka huu nao wamekuwa wengi na wanadai haki yao. Tunamshukuru Mungu, sote wazima. Abdullatif bado yuko Sur na kazi yake ya serikali. Anaingia Jumatano jioni na kuondoka Ijumaa, nami nimezoea kuwa na mume wa siku mbili. Wapo wenye waume wa siku saba na hawana raha niliyonayo mimi.

Shukriya ameingia darasa la pili. Kiswahili chake kinanitia haya. Juzi kawaambia wageni, "Mjomba yangu iko Amerika." Nikamwambia mjomba wako si nyumba, mwanangu, mjomba yuko. Akanijibu kwa Kiarabu cha skuli, cha haraka haraka, akanishinda. Shangazi Turkiya naye alikuja kutoka Nizwa, akakaa siku tisa, akatutia adabu sote mpaka paka, akaondoka.

Baba mzima, ila anakohoa tangu tumalize kukata tende. Ukimwuliza anasema vumbi. Ile picha ya gazeti uliyotuletea, umeruka na mpira wa kikapu kama mtu anayetaka kuangua nazi, anayo mfukoni. Kila asubuhi huenda nayo sabla, barazani kwa wazee, na wakishakunywa kahawa huikunjua polepole na kusema, "Huyu kijana sijui ni wa nani," akangoja aambiwe ni wake. Wote wanajua, na wote wanamwambia.

Sasa lililonikalisha kuandika. Khalaf, mwenzako wa chuo, alikuja likizo akatupitia. Baba alipotoka kwenda kusali, Khalaf akaniambia unachechemea. Nikamwuliza kiasi gani, akatazama kikombe chake. Marhoun, mama alipofariki ulikuwa na miaka mitatu na mimi kumi na saba. Goti lako nalijua kuliko unavyolijua wewe, maana mimi ndiye niliyekuwa nikilitoa changarawe na kulipaka dawa. Usinifiche. Niandikie lina nini.

Mstari wa chini ni wa Baba kama kawaida. Ameuandika tangu alasiri, karatasi ikiwa tupu, akanipa nijaze juu. Anasema maneno yangu hayana mwisho naye hawezi kuyasubiri.

Dadako,
Khole

Marhoun. Soma. Sali. Mpira ni wa jioni. Babako, Thabit.


Chuoni, Amerika, 12 Oktoba 1983

Dada Khole, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, nipate kusikia Kiswahili chumbani. Huku baridi imeanza. Jua linatoka lakini halifanyi kazi yoyote. Mwambie Shukriya mjomba yuko. Mwambie Shangazi Turkiya kofia aliyonishonea naivaa ndani ya kofia ya sufu. Wenzangu wananicheka, lakini masikio yanayouma ni yao. Masomo yanakwenda, uhandisi utaisha Juni, inshallah. Na mwambie Baba mstari wake nimeubandika ukutani pamoja na mingine. Sasa imefika kumi na saba.

Kuanzia hapa usimsomee Baba.

Khalaf kasema kweli. Ilikuwa Agosti, mazoezini. Niliruka kufuata mpira, nikateremkia juu ya mguu wa mwenzangu, goti likaenda upande lisikopaswa kwenda. Daktari anasema kano moja ya ndani imechanika nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayonishika. Nikitembea linauma kidogo, nikikimbia linauma zaidi, na nikiruka nakuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Nikueleze mambo ya huku, maana najua utauliza kwa nini nisikae tu. Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Kila Juni timu kubwa, zile ambazo wachezaji wake wanalipwa, huchagua vijana wapya kutoka vyuoni. Watu wao walikuja kunitazama mara nne mwaka jana. Jina langu wanalijua, ingawa wanalitamka kama jina la ugonjwa. Daktari anasema nikikaa nje msimu huu nikatibiwa, huenda wakanichukua kwa yale waliyokwisha kuyaona. Nikicheza, ile nusu inaweza kukatika siku yoyote, na ikikatika hakuna timu itakayonitaka, wala sitakimbia tena maisha yangu.

Lakini nikikaa, nawaacha wenzangu. Tumekula pamoja miaka mitatu. Wengi wao hakuna atakayewachagua, mwaka huu ndio mpira wao wa mwisho duniani. Mmoja kaniambia mbele ya wote, "Unajitunza kwa ajili ya pesa." Kocha anasema uamuzi ni wangu, kisha ananitazama mpaka naona haya.

Unakumbuka nilipoanguka mtendeni, mkono ukavimba kama andazi? Baba aliutazama, akasema, "Mkono mwingine si upo?" Nikamaliza kukata tende kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana sitaki ajue. Najua atakachosema, na nikishakisikia sitakuwa na la kuchagua.

Mdogo wako,
Marhoun


Ibra, 20 Desemba 1983

Marhoun,

Salamu. Barua yako ilifika zamani, nisamehe kwa kuchelewa. Nyumba ilikuwa na wageni wengi na kazi nyingi. Abdullatif alichukua likizo, yuko hapa. Shangazi Turkiya yuko hapa pia. Shukriya hajambo. Mvua ilinyesha siku moja, mto wa wadi ukapita, ukakauka.

Baba anakusalimu. Mstari wake safari hii haupo, macho yanamsumbua.

Kuhusu goti, usiharakishe kuamua. Kula, lala, soma. Mtihani wa mwisho ndio mkubwa, kila mtu hapa anasema hivyo, na Shangazi kuliko wote. Maliza masomo yako urudi tukuone.

Najua barua hii haina ladha. Ijayo nitaitia chumvi.

Dadako,
Khole


Chuoni, Amerika, 10 Januari 1984

Dada, shikamoo, na Baba mpe shikamoo yangu.

Barua yako haikuwa na chumvi kweli. Hukumcheka Shukriya, hukumteta Shangazi, hata mbuzi hukuwataja. Umechoka? Na macho ya Baba yana nini? Mpelekeni Maskati akaonwe na daktari, msimsikilize akisema ni vumbi. Anavyosema yeye, kila ugonjwa ni vumbi.

Mimi mambo yameniharibikia. Nilicheza mechi tatu Desemba goti likiwa limefungwa kitambaa. Ya tatu lilikataa kukunjuka, nikatolewa nimebebwa. Daktari akaniita, akafunga mlango. Akasema, "Nilikuwa nakushauri. Sasa nakukataza." Ila huku mgonjwa hakatazwi. Anatia saini karatasi kwamba amesikia, kisha anafanya apendavyo. Karatasi ninayo mezani, bado sijaitia saini.

Timu inashinda. Ikiendelea hivi, Machi itaingia mashindano ya vyuo vyote, yale ambayo ukifungwa mara moja umekwenda zako nyumbani. Chuo hiki hakijafika huko kwa miaka thelathini. Wenzangu wanasema nipumzike sasa, nirudi Machi, mechi moja au mbili tu. Timu mbili za kulipwa nazo zimemletea kocha salamu kwamba zingependa nikae kabisa mpaka Juni. Watu wa mjini wamesikia kwamba huenda nikakaa, na mzee mmoja anayeuza magazeti mlangoni pa chuo ameacha kunisalimu.

Kila upande una haki, Dada, hilo ndilo linalonitesa. Anayeniambia kaa ananipenda. Anayeniambia cheza naye hanichukii, ananihitaji, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kuhitajiwa na watu wengi hivi. Nimesali istikhara mara tatu, nikimwomba Mungu anichagulie. Kila nikiamka nimebaki pale pale.

Kwa hiyo narudi nyuma kwa niliyokuambia. Msomee Baba yote. Mwulize, nikae au nicheze? Atakalosema ndilo nitakalofanya, sitauliza sababu. Na kama barua zitakawia, Jumamosi tarehe kumi na moja Februari nitapiga simu Sur, ofisini kwa Shemeji Abdullatif, saa saba mchana wenu. Mpelekeni Baba kwa gari polepole. Nataka kumsikia tu, hata akinigombeza.

Mdogo wako,
Marhoun


Ibra, 30 Januari 1984

Mdogo wangu,

Sote tunakusalimu. Shukriya ameng'oka meno mawili ya mbele na anauliza kama mjomba wake naye aliwahi kuwa na pengo. Nimemwambia ulikuwa nalo, na ulipita ukilizungumza kwa kila mtu.

Barua yako nimeipata jana, nakujibu leo isikawie. Usipige simu Sur. Njia ni ndefu, na kifua cha Baba hakiwezi vumbi la gari.

Uliniambia nimwulize Baba. Neno la Baba ni hili: mguu ukiuma, kaa.

Usinitake maelezo. Ulisema utafanya atakalosema bila kuuliza sababu, nami nakushika kwa ahadi yako. Mimi sina langu la kuongeza. La mzazi likishatoka, la dada ni la nini?

Mstari wake haupo, mkono unamtetemeka, hashiki kalamu vizuri.

Nakuombea kila sala.

Dadako,
Khole


Chuoni, Amerika, 22 Machi 1984

Dada Khole,

Shikamoo. Sijui nikusalimu vipi zaidi ya hivyo. Hii ni barua ya tatu, mbili nimezichana.

Baba amekufa, sio?

Simu nilipiga kabla barua yako haijafika. Shemeji akaipokea. Nikamwambia nipe Baba. Akasema, "Baba hakuweza kuja." Nikamwuliza, hajambo lakini? Akasema, "Al-hamdulillah." Kisha nikamsikia anavuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia. Nikajidanganya kwamba ni simu yenyewe mbovu.

Siku tisa baadaye ikaja barua yako. Desemba macho, Januari mkono. Niliiweka mezani nikaenda ukutani kwenye mistari ya Baba, nikaisoma mmoja mmoja, yote kumi na saba. Soma. Sali. Amka mapema. Usiazime viatu vya watu. Uvivu ni maradhi. Hakuna hata mmoja uliosema kaa. Baba hakuwahi kumwambia mtu akae. Alikwenda kwenye zamu yake ya kuingiza shambani maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji, na ubavu umevunjika, na wewe ndiye uliyemfunga kitambaa. Nikasema neno hili si la Baba. Dada amelitunga kwa huruma yake, na kama Dada amefika kutunga maneno ya Baba, basi Baba hayupo tena wa kuyasema.

Nilikaa sakafuni mpaka adhuhuri. Hakuna aliyenipa mkono, hakuna aliyeniambia Mungu akupe subira. Nikasali, nikamwombea peke yangu, kisha nikaenda darasani, kwa kuwa sikujua mtu hufanya nini.

Karatasi ya daktari niliitia saini siku ile ile. Nilitaka kumtii Baba. Si yule wa barua yako. Yule niliyemjua mimi, wa mkono mwingine si upo.

Mechi ilikuwa tarehe kumi na tano. Nilicheza dakika ishirini na sita, na nilicheza vizuri, Dada, watu walisimama. Nilikuwa nasema moyoni, tazama, Baba, sikuketi. Kisha nikaruka, na nilipoteremka nikasikia sauti, kama kijiti kinachovunjwa ndani ya nguo. Wenzangu wawili walinibeba. Mmoja wao ni yule aliyesema najitunza kwa ajili ya pesa, na alilia kuliko mimi. Tukafungwa kwa pointi mbili.

Wamenipasua. Daktari anasema nitatembea. Alisema hivyo tu, nitatembea, na mengine nikayaelewa mwenyewe. Zile timu mbili hazijaleta tena salamu.

Sikulaumu kwa kunificha msiba. Najua desturi zetu. Nakulaumu kwa jambo moja. Kwa nini uliazima jina lake? Ungeandika, "Mimi Khole nasema kaa," ningekaa. Wewe ndiye uliyenilea. Ningekaa siku ile ile.

Marhoun


Ibra, 15 Aprili 1984

Marhoun mwanangu, maana leo siwezi kukuita mdogo,

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mungu akupe subira. Mkono huu nilipaswa kukupa tangu Desemba, upokee sasa, hata kama umekufikia kwa bahasha.

Baba alifariki Jumamosi, tarehe tatu Desemba, baada ya adhuhuri, kwa kifua kile kile alichokiita vumbi. Hakuteseka siku nyingi. Siku ya tatu ya matanga Shangazi Turkiya alituita ndani, akasema msafiri hapelekewi msiba. "Atalia na nani huko? Nani atamshika? Amalize mtihani wake arudi, tumwambie tukiwa tumemkumbatia." Nikaona ana haki, nikampa ahadi. Nilikuandikia salamu za mtu aliye kaburini. Macho niliyatunga mimi, na mkono wa kutetemeka niliutunga mimi. Hayo ni yangu, nitayajibu mbele ya Mungu.

Lakini neno si langu. Katika barua ile nzima kulikuwa na kitu kimoja cha kweli, nacho ndicho usichokiamini.

Barua yako ya Oktoba nilimsomea yote. Nilipofika pale pa usimsomee nilitaka kuruka, akanishika mkono akasema, "Umekata pumzi, soma." Nikasoma. Baada ya hapo hakulitaja goti lako wiki mbili.

Alhamisi, tarehe ishirini na nne Novemba, ilikuwa zamu yetu ya maji, baada ya alasiri. Alikuwa hawezi kwenda hatua kumi bila kusimama, na bado alichukua jembe. Nikamfuata na mkeka. Tulipofika mferejini zamu iliyotangulia ilikuwa imekwisha na yetu imeanza. Akainama kutoa jiwe na matambara yanayoziba mlango wetu wa maji, akashindwa. Akainama tena. Nilipotaka kumsaidia alinikataza kwa jicho, unalijua jicho lile. Kisha akaketi. Marhoun, wallahi, aliketi mkekani, akaweka jembe mapajani, akayatazama maji yetu yanapita mbele yake yakienda kwa jirani Mahrous. Zamu nzima. Tangu turudi kutoka Unguja sikuwahi kumwona akipoteza maji hata kidogo. Mimi nilikuwa nalia, yeye hakulia. Yalipokwisha akasema, "Nimekaa, na mbingu haikuanguka." Akacheka, akakohoa sana. Akasema, "Yule kijana nilimwambia mkono mwingine si upo. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Twende nyumbani unipe karatasi."

Nikampa. Akaandika mstari wake chini, akanirudishia nijaze juu. Siku tisa zilizofuata sikupata nafasi ya kujaza kitu.

Swali lako lilipokuja, karatasi ile nilikuwa nayo kibwetani. Ningeweza kuituma. Lakini herufi zimepandana, mstari wenyewe umeteremka pembeni, na mtu yeyote akiuona anajua aliyeandika alikuwa anakwenda. Habari ya maji nayo nisingeweza kukusimulia bila kukusimulia ugonjwa. Basi nikalichukua neno lake peke yake, kavu, nikakupelekea. Nilimtoa Baba ndani yake, ndiyo maana hukumwona. Nilisema hivyo nikilia mbele ya Shangazi juzi, nikamsomea barua yako. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena.

Unasema ningesema mimi ungekaa. Hilo sikulijua. Miaka yote hii nilidhani sauti yangu katika nyumba hii ni ya kuulizia chumvi imetosha au haikutosha. Laiti ungeniambia Oktoba. Laiti ningejaribu.

Masomo yakiisha, rudi. Kitanda chako nimekiteremsha ukumbini usipande ngazi. Abdullatif atakuja kukupokea Maskati, na kumbe na yeye tangu ile simu halali vizuri. Shukriya ameambiwa mjomba atakuja na magongo, anapita nyumbani akijifunza, "mjomba wangu yuko, mjomba wangu yuko." Utaliona kaburi, nitakupeleka mwenyewe, polepole. Sasa nasema kwa jina langu, mimi Khole, si la mtu mwingine: njoo nyumbani.

Ukurasa huu wa mwisho ndio karatasi ile. Nimejaza juu, kama alivyoniachia.

Dadako,
Khole

Marhoun. Mguu ukiuma, kaa. Maji yatapita tena. Babako, Thabit.